Viatu vya mtumba: Tusinunue mng'aro, tununue ngozi

UKIFIKA kwenye gulio la Jumamosi pale Lyulilo, jirani na Matema, utawaona akina mama wakinunua vyungu vilivyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Hakuna anayelipa kabla ya kukiinua chungu, kukigonga kwa kidole na kusikiliza. Kikilia vizuri kinanunuliwa. Kikitoa sauti ya mkwaruzo kinarudishwa chini, hata kama muuzaji ni shangazi yake.

Hatua chache kutoka hapo limetandazwa turubai la viatu vya mtumba. Hapo mama yule yule, au mumewe, hutoa fedha nyingi kuliko bei ya chungu kwa sababu moja tu, kwamba kiatu kinang'aa. Hakikunjwi, hakichunguliwi ndani. Kinajaribiwa mguuni, bei inapunguzwa kidogo, kinatiwa kwenye mfuko na safari ya nyumbani inaanza.

Hoja yangu leo ni kwamba kwa viatu vya kutokea, yaani vile vya ofisini, kanisani na harusini, mng'aro ndicho kitu cha mwisho cha kuangaliwa. Ndicho kitu pekee ambacho muuzaji anaweza kukiongeza asubuhi hiyo hiyo kwa kopo moja la kiwi. Ngozi hawezi kuiongeza.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Miaka michache iliyopita nilinunua moka nyeusi kwa Sh35,000 kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu. Kijana aliyeniuzia aliniambia, "Mzee, hii ni leza tupu, utavaa mpaka uchoke." Zilikuwa zinang'aa kiasi cha kujiona uso, na soli zake zilikuwa kama hazijawahi kukanyaga udongo. Asubuhi nilitoka nazo nyumbani vizuri. Saa nane mchana, tukiwa katikati ya kutunza, soli ya kushoto ilianza kumeguka vipande vidogo vyeusi kama andazi lililokaa siku tatu. Ya kulia nayo ikafuata. Nilipeleka zawadi yangu mbele ya watu huku soksi ikigusa sakafu, na nyuma yangu nimeacha njia ya makombo meusi. Watoto waliifurahia harusi hiyo kuliko maharusi wenyewe.

Nyumbani nilikichana kile kiatu kwa kisu. Ile "leza tupu" ilikuwa kitambaa cheupe kilichopakwa utando wa plastiki nyeusi.

Simlaumu sana yule kijana. Nilipomrudia niligundua kwamba hata yeye hakujua. Alikuwa amenunua mzigo wake Mbeya, robota zima, au belo kama wenyewe wanavyoita, bila kufunguliwa. Akaupiga kiwi usiku kucha, akapanda gari la alfajiri. Kiatu kikubwa na chenye kung'aa alikipandishia bei, kilichofifia akakishusha. Katika mzigo huo inawezekana kabisa aliuza kwa bei ya kutupa viatu vya ngozi halisi kwa sababu tu vilikuwa na vumbi. Kwa hiyo mimi nilipoteza Sh35,000 na yeye alipoteza zaidi.

Sisi watu wa Kyela hatukupaswa kufundishwa jambo hili. Tunajua jinsi mchele wa kwingine unavyouzwa Dar es Salaam kwa jina la Kyela, na tunajua kwamba mtu wa Ipinda haudhanii kwa kuutazama weupe wake, bali anausubiri uive aunuse. Kakao nayo haihukumiwi kwa ganda. Punje inapasuliwa katikati kwa kisu, na rangi ya ndani ndiyo inayosema kama ilivundikwa ikachachuka sawasawa au ilianikwa tu. Sasa kwa nini fedha ya kakao hiyo hiyo itumike kununua kitu ambacho hatukichunguzi ndani?

Tuanze na ngozi yenyewe. Ngozi ya ng'ombe ni nene kuliko inavyohitajika kwa kiatu, hivyo viwandani hupasuliwa matabaka. Tabaka la juu, lile lililoota nywele, ndilo lenye nyuzi zilizosukana kwa kubana, na ndilo linalodumu. Tabaka la chini ni ngozi pia, lakini nyuzi zake ni legevu. Likitumika kama lilivyo hubaki na manyoya laini; likipakwa plastiki juu yake hufanana na ngozi ya juu, na muuzaji hasemi uongo akiiita ngozi. Kuna pia mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, ambayo kwa kiatu ni kama mkate uliotengenezwa kwa makombo. Mwisho ndipo inakuja plastiki juu ya kitambaa, ile niliyovalia harusini.

Namna ya kuyatenganisha haya haihitaji mashine. Inahitaji kuangalia mahali ambapo brashi ya kiwi haifiki.

Fungua kamba, nyanyua ulimi wa kiatu na uangalie upande wake wa nyuma. Katika viatu vingi ulimi huachwa bila bitana, na hapo ngozi inajionyesha yenyewe. Utaona manyoya mafupi, kama upande wa ndani wa mkanda wa ngozi. Ukiona nyuzi zilizofumwa mistari kwa mistari kama shati, hicho ni kitambaa. Kisha tafuta mahali ngozi ilipokatwa na pindo likaachwa wazi, hasa kuzunguka matundu ya kamba au kwenye mdomo wa kiatu. Pindo la ngozi ni kitu kimoja chenye nyuzi nyuzi, wakati pindo la plastiki lina tabaka mbili zinazoonekana, utando juu na kitambaa chini.

Baada ya hapo bonyeza sehemu ya mbele kwa kidole gumba. Ngozi nzuri hutoa mikunjo midogo midogo inayotawanyika kila upande, kama ngozi ya mgongo wa mkono wako unapoifinya, na ukiachia inarudi. Ngozi iliyosuguliwa na kufunikwa kwa rangi nzito hutoa mikunjo michache, mikubwa. Plastiki hubonyea kama mpira au hukunjika mstari mmoja.

Watu wengi hukataa kiatu chenye kovu dogo. Mimi nakitazama mara mbili. Ng'ombe wa Ulaya naye anaumwa na wadudu, anajikuna kwenye waya, anapigana na wenzake. Kiwanda kikipata ngozi yenye makovu mengi huisugua juu na kuipaka rangi nene ili kuyaficha. Kiatu ambacho uso wake ni laini mno, sawa kila mahali, bila hata tundu la kinyweleo, kina kitu kinachofichwa.

Kovu ni tofauti na ufa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kiatu chochote kilichovaliwa kina mikunjo pale vidole vinapojikunja. Hiyo si kasoro. Lakini kikunje mbele ya mwanga na uangalie ndani ya mkunjo. Kama rangi ni ile ile na uso haujakatika, ngozi iko hai. Kama unaona mstari wa rangi nyingine wenye kingo zilizochanika, nyuzi zimeshakatika, na hakuna kiwi wala mafuta wala fundi atakayeziunga. Wauzaji wanajua kuzijaza nyufa hizo kwa kiwi kizito. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo, usugue mahali hapo kwa nguvu. Kiwi kikitoka, ufa utajitokeza. Muuzaji akikukataza kusugua, umeshapata jibu lako.

Vipo vipimo vinavyosifiwa ambavyo mimi sivitegemei. Cha kwanza ni kunusa. Ngozi ina harufu yake, ni kweli, lakini kiatu cha mtumba kinanuka dawa ya wadudu, soksi za mwenyewe wa kwanza na kiwi cha jana, kwa hiyo pua hudanganyika. Cha pili ni tone la maji. Ngozi tupu hulinywa polepole, ila ngozi iliyopakwa kiwi hulikataa sawa na plastiki. Cha tatu ni kiberiti. Nimewahi kumwona mtu anachoma kiatu ambacho bado si chake. Tuache.

Maandishi na alama husaidia zaidi, kama unajua kuzisoma. Mwaka 1994 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo kwamba viatu vinavyouzwa katika nchi zake vionyeshe vimetengenezwa kwa nini, kwa maandishi au kwa michoro midogo. Michoro hiyo huwa ndani ya kiatu, chini ya ulimi au kwenye soli. Mchoro wa ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ni ngozi. Ngozi hiyo hiyo ikiwa na umbo la uru wa karata katikati maana yake ni ngozi iliyopakwa utando. Uru peke yake ni vitu vingine, kwa kawaida plastiki au mpira, na mchoro wa wavu ni kitambaa. Kila mchoro wa namna hiyo umewekwa mbele ya sehemu yake: sehemu ya juu ya kiatu, bitana na soli. Mtu aliyeona ngozi kwenye mstari wa soli akadhani kiatu kizima ni ngozi, amesoma mstari usio wake. Vivyo hivyo maneno "Leather upper" yanahusu sehemu ya juu pekee, na "Vero cuoio" iliyogongwa chini ya kiatu cha Italia inazungumzia soli. Kwa viatu vilivyotoka nje ya Ulaya usitegemee michoro hiyo, rudi kwenye ulimi na pindo.

Sasa nirudi kwenye makombo yangu meusi. Soli nyingi za viatu laini vya ofisini hutengenezwa kwa plastiki yenye mapovu iitwayo poliyurethani. Ni nyepesi na inapendeza mguuni. Tatizo lake ni kwamba inazeeka hata ikiwa kabatini, kwani unyevu wa hewani huivunja taratibu kutoka ndani. Kiatu kinaweza kukaa Ulaya miaka mingi bila kuvaliwa, kikaja huku kikiwa kama kipya, na siku ya kwanza ya kukitembelea kikameguka. Kwa maneno mengine, pale kwenye turubai kiatu kinachoonekana kipya kuliko vyote ndicho cha kuchunguzwa kuliko vyote. Bonyeza soli kwa ukucha, hasa pembeni mwa kisigino. Ukucha ukiacha shimo lisilorudi, au soli ikinata, au ikitoa unga, iache hapo hapo. Mpira wa kawaida hauna ugonjwa huo.

Kwa Matema jambo hili ni zito kuliko kwa mtu wa Dodoma. Kyela ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, na sisi wa ufukweni tuna joto la ziwa juu yake. Kiatu kilichowekwa chini ya kitanda Machi hukutwa na ukungu mweupe Mei. Kwa sababu hiyo siwashauri watu wa huku kukimbilia soli ya ngozi, ingawa wajuzi huisifu. Inakunywa maji ya kila dimbwi, na kwenye udongo wetu wa mfinyanzi inateleza. Tafuta ngozi juu na mpira chini, na ukibahatika, soli iliyoshonwa. Kiatu cha kushonwa fundi anaweza kukibadilisha soli mara mbili au tatu. Lakini kuna uzi wa mapambo uliochorwa au kushonewa pembeni tu, kwa hiyo hakikisha unaonekana pia upande wa chini wa soli au ndani ya kiatu.

Ukishakinunua, kikaushe kivulini. Kiatu cha ngozi kilicholowa kikiwekwa karibu na mafiga au juani mchana, hukauka mafuta yake yote na kupasuka. Kijaze magazeti ndani, hata ukurasa huu ukishausoma, ubadilishe karatasi zikilowa. Zile dawa za maji za kupaka kwa sponji zinazong'arisha mara moja hazilishi ngozi. Tumia ya kopo.

Najua wapo watakaosema kwamba namfundisha mkulima kupenda mitumba badala ya kupenda viwanda vyetu. Hoja hiyo ina uzito. Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 haikupaswa kuvaa viatu vilivyochoka miguuni mwa wengine, na katika machinjio mengi ngozi zimekuwa zikitupwa kwa kukosa mnunuzi. Tulio na umri tunakumbuka viatu vya Bora. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliokutana Arusha walikubaliana kuachana na nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za biashara za mpango wa AGOA. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa katika nafuu hizo. Sisi na wenzetu wengine tulilegeza, na mitumba ipo hadi leo.

Lakini hebu tumfikirie mnunuzi yule yule wa Lyulilo siku atakapoletewa viatu vya ngozi vilivyotengenezwa Karanga, Moshi. Pembeni yake kutakuwa na kiatu kipya cha plastiki kutoka nje, kinachong'aa, kwa nusu ya bei. Kama hajui kutofautisha ngozi na utando, atachukua kipi? Kinachoua kiatu cha Moshi huku kwetu ni plastiki mpya inayojiita ngozi kuliko mtumba wa ngozi. Mkulima aliyejifunza kunyanyua ulimi wa kiatu kwenye turubai ndiye huyo huyo atakayekuwa tayari kulipa bei halali ya kiatu cha Tanzania. Huyo mwingine anayenunua mng'aro ataendelea kununua mng'aro hata mitumba ikipigwa marufuku kesho.

Mkulima mwenye ng'ombe naye ajiulize. Chapa ya moto iliyopigwa katikati ya ubavu, kupe walioachwa, kisu cha mchinjaji kilichotoboa wakati wa kuchuna, vyote hivyo vinaonekana kwenye ngozi baada ya kusindikwa, na ndivyo vinavyoishusha daraja. Anayejua kwa nini amekataa kiatu anaelewa haraka kwa nini mnunuzi wa ngozi naye amemkatalia.

Kwa wafanyabiashara wadogo nina maneno machache zaidi. Tangu lami ifike Matema kupitia Ipinda, mzigo unatoka Mbeya asubuhi na kuuzwa ziwani mchana, na ushindani umeongezeka. Mwenye mtaji mdogo asikimbilie robota asiloliona ndani. Ni afadhali awahi robota linapofunguliwa na kuchagua jozi 15 kwa mkono wake, hata kama kila jozi itamgharimu zaidi, kuliko kubeba 40 ambazo nusu yake soli zitameguka. Akichagua, aanze na zile zenye vumbi. Wachuuzi wenzake watakuwa wameshagombania zinazong'aa.

Akifika gulioni, atenganishe. Ngozi ikae peke yake na bei yake, plastiki ikae peke yake na bei yake. Nimesikia wakipinga kwamba mteja akiambiwa kiatu ni plastiki hatanunua. Si kweli. Mwanafunzi anayehitaji kiatu cha muhula mmoja atanunua, mradi bei iwe ya plastiki. Matema ni mahali padogo. Mteja aliyemegukiwa na soli harusini utakutana naye wiki ijayo, na wiki itakayofuata, na shemeji zake pia.

Yule kijana aliyeniuzia moka hakunirudishia fedha, na sikumdai. Nilimpelekea kile kiatu nilichokichana, tukakaa juu ya kreti za soda tukakiangalia pamoja, kisha tukapitia jozi zake moja moja kwa kunyanyua ndimi. Kati ya zile alizokuwa ameziweka pembeni kwa Sh10,000 kwa sababu zimechakaa, tulikuta jozi moja ya kahawia, ngozi ya tabaka la juu, soli ya mpira iliyoshonwa, kisigino kimoja tu kimelika. Nilimpa Sh20,000 na yeye akashangaa. Fundi wa Ipinda alibadilisha visigino siku hiyo hiyo. Mvua kadhaa za masika zimeshapita juu ya viatu hivyo, na mwezi uliopita muuzaji mwingine alinisimamisha stendi akitaka kuvinunua nikiwa nimevivaa.